SOMO LA UFUNDI: PIMA KARATASI KABLA YA KUKATA CHUMA

Somo: Luka 14:28-30



Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alizindua jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa nchini. Habari kama hiyo huwatia moyo vijana wa karakana zetu.

Gari la kujiundia lina vipande vingi vya chuma: vishikizo vya injini, vya kiti, vya pedali. Kipande huchorwa mara moja kwenye kompyuta, kikachapishwa kwa ukubwa wake halisi, na karatasi hiyo ikawa kigezo cha kukatia. Hivyo mwanafunzi mgeni hupata umbo sahihi, na bamba la chuma lililosafirishwa kilomita 450 hivi hadi Dodoma halipotei bure.

Lakini printa nyingi hupunguza mchoro ili uenee kwenye karatasi ya A4, na jicho halioni tofauti. Kwa hiyo:

1. Kando ya mchoro weka mstari wa milimita 100 wa wima na mwingine wa mlalo. Chapisha kwa asilimia 100.

2. Pima mistari yote miwili kwa rula ya chuma. Ukikuta 97, matundu ya kuachana milimita 250 yataachana 242.5. Karatasi hiyo haifai.

3. Kila nakala ya fotokopi ipimwe upya.

4. Panga vigezo vyote juu ya bamba ili mabaki yawe machache, ndipo ubandike kwa gundi.

5. Gonga alama katikati ya kila tundu kwa senta panchi. Kata nje kidogo ya mstari, malizia kwa tupa.

Tukumbuke: kigezo huonyesha umbo, hakionyeshi nguvu. Tundu likikosewa, wengine hulipanua mpaka bolti iingie. Bolti hiyo ikilegea kwenye pedali ya breki, atakayeumia ni abiria au mtoto aliye barabarani. Unene wa chuma na uchomeleaji ukaguliwe na fundi aliyehitimu kabla gari halijatembea. Majuto ni mjukuu.

Maswali kwa kamati na wafadhili

1. Tunapochangia mabamba, je, tumechangia pia rula ya chuma, senta panchi na tupa?

2. Nani katika karakana yetu ana mamlaka ya kukataa kipande kibovu, na je, tunamuunga mkono anapokikataa?