Côtes du Rhône kwa Mbavu za Kondoo

Nyama choma ya Kitengela imezoeana na bia, na sina ugomvi na bia. Lakini wanaobeba divai nyekundu kwenda nayo barabara ya Namanga mara nyingi huchukua ile tamu. Nyama inafika na chumvi na mafuta yake, divai inageuka sharubati. Kwa meza kama hiyo, tafuta chupa iliyoandikwa Côtes du Rhône.

Ni divai kavu ya kila siku kutoka bonde la mto Rhône, kusini mwa Ufaransa, na jina lake linalindwa kisheria tangu 1937. Zabibu inayotawala kwa kawaida ni Grenache, laini na yenye ladha ya matunda. Mara nyingi huchanganywa na Syrah, inayoleta harufu ya pilipili manga, harufu inayokaa vizuri na moshi wa makaa. Iliyoandikwa Villages ni ngazi moja juu. Kwa nyama inayoliwa kwa mikono, ya kawaida inatosha. Chagua ya miaka ya karibuni, isiwe imepigwa na jua dirishani mwa duka, na uikague stempu ya KRA kwa programu ya Soma Label kabla ya kulipa.

Sasa bucha. Wengi hutaja mbuzi kabla hata hawajakaa. Mbuzi ni mtamu, ila mnofu wake hauna mafuta mengi, na ukikauka motoni ukakasi wa divai unabaki ulimini. Mimi ningepima kondoo. Kajiado ndiko kwao kondoo mwekundu wa Kimaasai, yule wa mkia wa mafuta, ingawa siku hizi wengi wamechanganywa na Dorper. Omba mbavu, na mwambie mchomaji asiziache zikakauka. Mafuta na chumvi hutuliza ukakasi, na divai nayo inasafisha mdomo kwa ajili ya kipande kinachofuata. Meza ikishikilia mbuzi, basi iwe mbavu, paja liachwe. Mutura nao unafaa sana, pengine kuliko choma yenyewe.

Ugali na mukimo havina shida. Kachumbari iwe na limau kidogo, na pilipili iletwe kando, kwa sababu pilipili kali huifanya pombe iunguze koo. Samaki wa kukaanga mwachie bia: divai nyekundu humwachia harufu ya shombo na ladha ya chuma.

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni joto. Mhudumu atauliza, “Baridi ama moto?” Jibu ni katikati, kama digrii 16. Jua la mchana la Kitengela huifanya divai inuke pombe tupu, na friji ya bia nayo huiua harufu. Nyama ikishaingia motoni una muda wa kutosha: chupa ikae kwenye friji dakika 20 hivi, kisha itolewe na kufunguliwa. Piga simu mapema uulize kama wanaruhusu chupa ya nje na wanatoza ngapi kuifungua. Beba kizibuo chako pia, maana vilabu vingi vina kifungulio cha soda tu. Ukipenda glasi za hapa hapa, Kitengela Glass, karakana iliyoanzishwa na Nani Croze, hutengeneza za kioo kilichoyeyushwa upya. Tafuta yenye tumbo pana, uijaze theluthi tu.

Na mhesabu vizuri. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 14 ina pombe sawa na Tusker tano za nusu lita, kwa hiyo dereva abaki na maji. Ikibaki, irudishieni kizibo na muiweke kwenye friji. Kesho yake itanyweka na masalio ya kondoo yaliyokaangwa kwa vitunguu na nyanya.