Mnara wa Dunda na Mafunzo Yake

Msomaji uliyeko Mapinga, ukiishika njia iendayo Bagamoyo, ukapita Kerege, Zinga na Kiromo, utafika mji wenye majengo mengi ya kale. Wageni wengi huangalia magofu ya Kaole, misheni na Boma kubwa lililojengwa mwaka 1897, kisha hurudi makwao. Wachache huifuata njia ya zamani ya misafara hata Dunda, ulipo mnara wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliojengwa na Wadachi, yaani Wajerumani, mwaka 1889. Si jengo la fahari. Lakini ajuaye kulisoma atapata humo habari za vita vya Mrima. Basi na tulisome pamoja.

Kwanza yafaa kujua sababu ya vita. Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja aliikodisha Kampuni ya Wadachi pwani hii, iitawale na kutoza ushuru wa forodha kwa jina lake. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti maofisa wa Kampuni walipokuja kushika miji na kupandisha bendera yao, ghasia zilianza Pangani, zikaenea upesi. Bushiri bin Salim aliongoza vita Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akaongoza Saadani. Mwezi wa Septemba Bagamoyo ilishambuliwa, na askari wa manowari ya Kidachi wakateremshwa pwani kupigana. Maelfu ya watu walikimbilia misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyokuwapo tangu mwaka 1868.

Kampuni ilishindwa, ikaomba msaada kwao Ulaya. Mwaka 1889 serikali ya Kidachi ilimtuma Hermann Wissmann, naye akaajiri askari wa Kisudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei aliivamia ngome ya Bushiri karibu na Bagamoyo, nayo ilikuwa boma la miti. Bushiri aliponyoka, akaendelea kupigana miezi kadhaa. Mwishowe alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alipatana na Wadachi mwaka 1890.

Katika mwaka huo wa vita ndipo Wissmann alipoamuru minara ya mawe ijengwe kuulinda mji. Sasa tuutazame huo wa Dunda. Jambo la kwanza ni mlango. Orofa ya juu ilifikiwa kwa ngazi ya nje tu: askari akiisha kupanda, aliivuta ngazi, na aliyebaki chini hakuwa na njia. Jambo la pili ni dari. Ni ya bapa, nayo imezungukwa na ukuta wenye mianya, ili mpiga bunduki aone bila kuonekana. Jambo la tatu ni mahali penyewe. Mnara haukujengwa kuelekea baharini, atokako adui wa kigeni. Ulijengwa kando ya njia ya bara, wapitapo wapagazi, wakulima na wachuuzi.

Haya yatufundisha nini? Mtu hajengi nyumba isiyo na ngazi ila kwa kumwogopa jirani yake. Mnara huu ulijengwa ili watu waogope, lakini mawe yake yashuhudia hofu ya mjenzi mwenyewe. Boma la Bushiri lilikuwa la miti, na miti huoza. Kaburi la mpiganaji wa kijijini mara nyingi halina jiwe. Wadachi waliokufa Bagamoyo wana makaburi yao karibu na pwani, yenye majina. Na mahali pa kunyongea pana jiwe la ukumbusho linalowataja Waafrika walioupinga utawala huo, lakini kwa jumla tu. Kwa hiyo mnara wa aliyeshinda umekuwa, bila yeye kukusudia, ukumbusho wa walioshindwa. Kila tundu la bunduki lasema: hapa walikuwapo watu waliokataa.

Wako wasemao, Kwa nini tutunze kazi ya waliotutesa? Swali hili si letu peke yetu. Mji wa Hiroshima, huko Japani, ulikuwa na jumba la serikali la maonyesho ya bidhaa, lililojengwa mwaka 1915. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki lililipuka karibu juu yake, na wote waliokuwamo wakafa. Magofu yalibaki, na baadhi ya wenyeji walitaka yaondolewe, kwa kuwa yaliwatia uchungu kila walipoyaona. Hata hivyo mwaka 1966 baraza la mji liliazimia kuyatunza daima. Walitambua ya kuwa uchungu usio na mahali pa kuonyeshwa husahauliwa, na lililosahauliwa huweza kurudi.

Tena wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua kubwa za mwaka 1998 ziliangusha sehemu ya Boma la Bagamoyo. Lakini ukuta wa mwaka 1889 ukianguka hapana awezaye kuujenga tena. Atakaoujenga ni ukuta wa leo. Kwa hiyo mtu asichukue jiwe la gofu kwa msingi wa nyumba yake, wala asichome matumbawe yake kupata chokaa, wala asichore jina lake ukutani. Majengo haya yalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini mlinzi wa karibu zaidi ni jirani.

Mwalimu awapelekaye wanafunzi Dunda awaulize maswali matatu mbele ya mnara: Nani aliujenga? Alimwogopa nani? Na huyo aliyeogopwa aliitwa nani? La kwanza limo vitabuni, la pili limo katika mawe. La tatu halina budi kuulizwa nyumbani, kwa wazee, kabla hawajaondoka nalo.