Tumbo Linalomrudia Mtoto wa Shule: Chunguza Kabla ya Kununua Dawa

Mtoto anapolalamikia tumbo kwa mara ya tatu au ya nne, wazazi wengi husema ni chango, na mtu hutumwa duka la dawa kununua dawa ya minyoo. Minyoo ipo, na dawa yake ni nzuri. Hata hivyo, albendazoli haitibu kichocho, ambacho dawa yake ni prazikwanteli. Haiondoi tatizo la kufunga choo, ambalo ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa za maumivu haya. Wala haimsaidii mtoto anayeogopa fimbo au mitihani.

Mwaka 1958, daktari wa watoto John Apley wa Bristol, Uingereza, pamoja na mwenzake, walichapisha uchunguzi wa watoto wa shule 1,000. Walihesabu maumivu yaliyotokea angalau mara tatu katika muda usiopungua miezi mitatu, makali kiasi cha kumzuia mtoto shughuli zake. Takriban mtoto mmoja kati ya 10 alikuwa nayo, na wachache tu kati yao walikutwa na ugonjwa wa kiungo. Tusieleweke vibaya: mtoto asiyeonekana na ugonjwa hadanganyi. Anaumwa kweli, na kumkaripia huongeza maumivu.

Tunashauri mzazi aweke daftari kwa wiki mbili. Aandike saa maumivu yalipoanza na yalipoisha, chakula kilichotangulia, hali ya choo na mkojo, na kama siku hiyo ilikuwa ya shule. Tumbo linalotulia kila Jumamosi na likizoni lina habari ya kutueleza. Mtoto aonyeshe mahali panapouma kwa kidole kimoja: maumivu ya kitovuni, yasiyo na dalili nyingine, mara nyingi si ya hatari, kadiri yanavyokuwa mbali na kitovu ndivyo tahadhari inavyozidi. Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, tarehe za hedhi nazo ziandikwe.

Daftari lisisubiriwe, na mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, akiwa na damu kwenye choo au mkojo, matapishi ya kijani, homa, macho ya manjano, tumbo gumu, au maumivu yaliyohamia chini upande wa kulia, kwani huenda ni kidole tumbo. Asicheleweshwe pia anayekonda au anayeamshwa usiku na maumivu. Mwenye seli mundu awahishwe kila mara.

Aspirini asipewe mtoto. Nayo antibiotiki iliyobaki nyumbani isitumike kwa kubahatisha. Pakiti za dawa alizokwisha kupewa, hata zilizo tupu, zibebwe kituoni pamoja na daftari.