Nzi Weusi wa Kisiwani: Mbinu za Kutambua Spishi Yao

Mwaka 2005, dawa ya temephos ilipulizwa kwa helikopta kwenye mito ya kisiwa cha Bioko, Guinea ya Ikweta, na nzi weusi wanaoeneza ugonjwa wa usubi wakatoweka. Kabla ya hapo wataalamu walihitaji kujua ni nzi gani hasa. Walikuwa aina ya Bioko ya Simulium yahense, tofauti na wenzao wa bara. Jambo hilo lilitia moyo, kwani nzi wa kisiwani wasiochangamana na wa Kamerun wakiangamizwa, si rahisi warudi. Kwa mtumishi wa afya au mwanafunzi wa wadudu, kazi kama hiyo hufuata hatua hizi.

1. Kusanya kwa mapana. Nzi jike anayekuja kuuma anakuonyesha adui. Mabuu wanakuonyesha anakozaliwa. Watafute penye maji ya kasi, kwenye mawe na majani yaliyozama. Afrika Mashariki kagua pia kaa wa mtoni, maana mabuu wa Simulium neavei hujishika kwenye miili yao. Rudia masika na kiangazi, kwani spishi hupishana kwa majira.

2. Hifadhi vizuri. Kwa uchunguzi wa kromosomu, changanya sehemu tatu za alkoholi safi na moja ya asidi asetiki siku hiyohiyo, utie mabuu humo. Badilisha mchanganyiko hadi ubaki bila rangi, kisha weka mahali pa baridi. Kwa DNA, tumia alkoholi kali. Andika mto na tarehe kwa penseli, kwa sababu alkoholi hufuta wino.

3. Anza na umbo. Mabuu wa kundi la Simulium damnosum, ambamo yahense imo, wana vinundu mgongoni na magamba madogo mwilini. Kwa nzi wakubwa, tazama rangi ya kishungi cha nywele kwenye shina la bawa, pamoja na urefu na rangi ya vipapasio. Hapa unapunguza orodha tu. Usitoe hukumu bado.

4. Soma kromosomu. Mwaka 1966 mtafiti Dunbar alionyesha kwamba nzi wa Uganda waliodhaniwa kuwa spishi moja walikuwa wa spishi nne, zilizofanana kama pacha. Chagua buu mkubwa ambaye alama za matamvua hazijawa nyeusi. Toa tezi za hariri, zipake rangi ya Feulgen, zibonyeze chini ya kioo. Utaona jozi tatu za kromosomu nene zenye mistari. Tafuta vipande vilivyogeuka, ulinganishe na ramani sanifu.

5. Malizia na DNA. Linganisha sampuli za kisiwani na za bara lililo karibu. Usitegemee DNA ya mitokondria peke yake, kwani spishi ndugu za kundi hili mara nyingi hazitenganishwi nayo. Ni bora buu mmoja atoe ushahidi wote: piga picha ya umbo, chukua tezi, mabaki uyahifadhi kwa DNA.

Ushahidi ukigongana, rudi mtoni ukakusanye tena. Mahenge, Tanzania, usubi umedumu licha ya miaka mingi ya kuwagawia watu dawa ya ivermectin, na mahali kama hapo huenda nzi wenyewe wakahitaji kudhibitiwa. Kwa hiyo wahudumu na viongozi wa wilaya, kabla ya kupanga kumwaga dawa mtoni, mtambueni kwanza nzi wenu.