Kuunda Chambo cha Dagaa kwa Resini na Kalibu Nyumbani

Dagaa mchele, yule samaki mdogo ambaye wavuvi wetu wa Tanga humvua kwa taa usiku wa giza, ana umbo ambalo rangi haiwezi kuliiga: mwili wake ni mwangavu hata nuru hupenya toka ubavu hadi ubavu, na katikati umepita mstari wa fedha kuanzia nyuma ya shavu hata mkiani. Kolekole, mzia na nguru, ambao riziki yao ni kumwandama samaki huyu, aghlabu humwona kutoka chini, naye yuko baina yao na jua. Na kwa sababu hiyo chambo cha mti kilichopakwa rangi, hata kikituvutia vipi dukani, kwao huwa ni kivuli cheusi tu. Hayo ndiyo yaliyonielekeza kwenye resini, nami namwomba msomaji ayaweke moyoni katika kila hatua nitakayoieleza, kwani takriban kila sharti la kazi hii latokana na jambo moja, nalo ni kuulinda uwazi wa chambo usiingiwe na ukungu.

Sanaa ya kufunika singa kwa resini haikuanzia kwetu. Bob Popovics, mvuvi wa New Jersey huko Marekani, ndiye aliyeitia sifa, naye alisukumwa na dhiki ya samaki wa pwani ile wenye meno makali, waliokuwa wakimchania chambo cha manyoya mara moja tu. Akazivisha singa zake epoksi, akapata mwili mgumu kama kioo ambao meno hayaudhuru. Mzia wetu ana meno yasiyopungukiwa na hayo. Lakini yeye aliuumba mwili kwa mkono, juu ya ndoana, ilhali mimi nimekhiari kalibu, maana kwa kalibu vyambo vyote hutoka kwa kimo kimoja na uzito mmoja, na mkono ukishazoea kurusha kimoja umezoea vyote.

Kazi huanza kwa kielelezo. Changu nilikichonga kwa mti laini, urefu wa sentimita 6, chembamba ubavuni na chenye tumbo lililoshuka kidogo, na ndoana halisi nikaichomeka mahali pake ili kalibu ipate alama yake. Hapa pafaa subira kuliko popote, kwani silikoni ya kalibu hunakili kila mkwaruzo, na kielelezo kisichong'aa hakitazaa chambo king'aacho hata resini iwe ya thamani gani. Basi nakipiga msasa wa maji, nikishuka kutoka ule mkali hata ule ulio laini kabisa, kisha nakipaka vanishi, nakiacha kikauke, nakisugua tena, na kurudia hivyo hata nione sura ya dirisha ubavuni mwake.

Kisha nakilaza ubavu katika udongo wa kufinyangia, ndani ya kisanduku, hata nusu ya unene wake izame, na pembeni natoboa vishimo vichache ili pande mbili za kalibu zije kufungamana pasipo kuteleza. Silikoni iliyo ang'avu huganda kwa dawa ya platini, na dawa hiyo ina adui mkubwa, naye ni kiberiti: udongo wenye kiberiti, au glavu za mpira wa kawaida, huifanya ibaki na utelezi pale ilipogusana navyo, isikauke kamwe. Nunua udongo usio na kiberiti, na uvae glavu za naitrili. Silikoni naimimina kwa uzi mwembamba, kutoka juu, kwenye pembe moja ya kisanduku, ili itambae yenyewe na kuifukuza hewa mbele yake. Upande wa kwanza ukiisha kuganda nauondoa udongo, naupaka mafuta ya mgando pote, hata kwenye vishimo, kwani silikoni hushikamana na silikoni pasipo kuachana, ndipo namimina upande wa pili. Mgongoni nakata njia mbili, moja ya kumiminia na moja ya kutolea hewa.

Ndoana iwe ya chuma kisichoshika kutu. Juu ya mpini wake nafunga singa nyeupe za mbuzi kwa uzi wa hariri, ziwe mkia, na ubavuni nalaza ukanda mwembamba wa karatasi ya fedha, usiozidi milimita 2, ambao ndio ule mstari wa dagaa. Resini hupanda katika singa kama mafuta yapandavyo katika utambi, ikaufanya mkia mkavu usiocheza majini. Kwa hiyo pale mkia unapotokea nje ya kalibu nazipaka singa nta kidogo.

Sasa resini yenyewe. Epoksi na kigandishi chake hupimwa kwa mizani pale chupa inapotaja uzito, wala si kwa kijiko, kwa kuwa vimiminiko hivi viwili havina uzito sawa kwa ujazo sawa, na kasoro ndogo huacha chambo chenye kunata. Changanya polepole, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Nyakati za harara ya kaskazi mchanganyiko huwahi kuganda, kwani kila joto lipandapo nyuzi 10 mwendo wake hukaribia kuongezeka maradufu, na ukichanganya nyingi hujitia joto yenyewe hata ikatoa moshi. Masika nayo ina dhara yake, maana unyevu wa hewa hukitia ukungu kigandishi na kuacha utando wa mafuta juu ya kazi. Utando huo huondoka kwa sabuni na maji ya vuguvugu, lakini ukungu wa ndani hautoki. Mimi kazi hii naifanya kipupwe, mwezi wa Julai, asubuhi. Chupa ya resini naitia kwanza katika maji ya vuguvugu ili iwe nyepesi na mapovu yapande, namimina kwa njia moja hata nyingine ifurike, naigonga kalibu kwa kidole, na kuiacha hata kesho yake. Nguvu kamili huja baada ya siku 7 hivi.

Iko pia resini ya taa, igandayo kwa miale ya urujuanimno katika dakika chache kupitia kalibu ang'avu. Ni nzuri kwa mwenye haraka, mradi asiitumie barazani, kwani jua letu litaigandisha ndani ya kikombe.

Hadhari nawaombeni sana: epoksi mbichi isiguse ngozi, maana mwili ukishaichukia utaichukia maisha, na vumbi la kupiga msasa lisivutwe puani. Fungua madirisha.

Chambo kikitoka, kata njia za kumiminia, bandika macho, kitie katika ndoo ya maji ya bahari. Kitazama taratibu, kwa kuwa epoksi ni nzito kuliko maji kwa kadiri ndogo, nacho sharti kisimame tumbo chini. Kikilala ubavu, ndoana haikukaa katikati. Mbele yake funga waya mfupi kwa ajili ya mzia, na ukirejea pwani kisuuze kwa maji baridi na kukihifadhi gizani, kwani jua huigeuza epoksi kuwa ya manjano.