Kiatu cha Mtoto Guta: Nenda Sokoni na Kijiti

Anayetoka Guta, kando ya ziwa, kwenda sokoni Bunda kumnunulia mtoto kiatu hupanda bodaboda, na mara nyingi mtoto mwenyewe humwacha kwa bibi yake. Jua kali, vumbi, nauli: heri abaki. Sokoni mama anasimama mbele ya turubai la mtumba, anainua kiatu kimoja, anakikadiria kwa kiganja, na muuzaji anamsaidia kwa ushauri tunaoujua sote: "Chukua kikubwa kidogo mama, atakulia humo." Jioni mguu unaingia kiatuni kama mtu aliyepanda mtumbwi peke yake. Mtoto anapiga hatua tatu, anaanguka kifudifudi, viatu vinapandishwa juu ya kabati "mpaka akue". Siku vinapokumbukwa, vimeshambana.

Hela imepotea, na mtoto bado yuko peku. Dawa yake ni kijiti cha ufagio, nami nitakifikia.

Hatua ya kwanza: Jiulize kama anakihitaji

Mtoto asiyetembea hana haja ya kiatu. Anayebebwa na anayetambaa wanahitaji soksi tu, kwa ule ubaridi wa alfajiri unaotoka ziwani. Viatu vya kung'aa vya siku ya ubatizo ni vya picha. Mvalishe, apigwe picha, mvue.

Hata anapoanza kusimama usiwe na haraka. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu 18, na kiatu hakimwahishi hata mmoja. Kinyume chake, anayejifunza hushika ardhi kwa vidole, na peku ndipo anapojua wapi panateleza. Ndani ya nyumba, juu ya mkeka, au kwenye ua uliofagiliwa ukaangaliwa vizuri, mwache peku.

Hapa bibi atauliza juu ya matege, na kwa nini unyayo wa mjukuu hauna upinde. Mwambie taratibu kwamba mtoto chini ya miaka 2 kuwa na matege kidogo ni kawaida, na unyayo wake umejaa mafuta yanayoficha upinde, ambao huonekana polepole kadiri anavyokua. Viatu vigumu "vya kunyoosha miguu" visikutoe hela. Mwaka 1989 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye nyayo bapa kwa miaka 3: waliovalishwa viatu maalumu na wasiovalishwa walifika palepale.

Mguu kifundo ni habari nyingine. Aliyezaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani apelekwe hospitali katika wiki zake za kwanza. Hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha huvalishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, na viatu hivyo hutolewa na wataalamu. Usivitafute mnadani.

Hatua ya pili: Mpime, tena jioni

Kwa nini jioni? Kwa sababu mguu huvimba kidogo kwa shughuli za mchana, nawe unataka kiatu kitakachomfaa saa zote. Weka kipande cha boksi sakafuni, kiguse ukuta. Msimamishe mtoto juu yake, kisigino kikiegemea ukuta. Asimame kweli, maana mguu wa aliyepakatwa ni mfupi kuliko wa aliyesimama. Piga mstari mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe gumba. Pima miguu yote miwili, kisha ufuate ule mkubwa.

Sasa chomoa kijiti kwenye ufagio. Kilaze juu ya boksi kuanzia ukutani hadi kwenye mstari, ongeza upana wa kidole chako cha mwisho, kile kidogo, yaani kama sentimita 1, kisha ukate. Usitumie gumba lako, upana wake ni karibu sentimita 2, na nafasi hiyo ndiyo inayomwangusha mtoto. Kijiti hicho ndicho kinachopanda bodaboda, mtoto analala zake kwa bibi.

Ukifika kwenye turubai, kitumbukize ndani ya kiatu, ncha moja iguse kisigino. Kikipinda, kiatu ni kidogo. Kikilala kimenyooka na kuigusa pua ya kiatu, ndicho. Kikicheza huku na huku, rudisha, hata muuzaji akicheka. Atacheka, hilo nakuhakikishia.

Mwanamke mmoja nilimwona akichambua fungu zima kwa kijiti cha namna hiyo, jozi baada ya jozi, hana maneno. Muuzaji alianza kwa kumtania, akamaliza kwa kumsaidia kutumbukiza.

Hatua ya tatu: Namba isikutishe

Mtumba unatoka pande zote za dunia, na kila upande una hesabu yake. Kiatu ambacho Ulaya wanakiita 20, Waingereza hukiita 4 na Wamarekani 5, au karibu na hapo. Ukikuta namba ya Ulaya, izidishe mara 2, gawanya kwa 3, unapata urefu wa ndani kwa sentimita. Namba 20 ni kama sentimita 13.3, na 21 ni 14. Mwenye mguu wa sentimita 12.5 ajaribu 20 kwanza, halafu 21. Hata hivyo kiwanda na kiwanda hutofautiana. Namba na kijiti vikigombana, amini kijiti.

Hatua ya nne: Chagua kwa ardhi anayokanyaga

Kiatu kinachomfaa mtoto wa ghorofani Dar es Salaam si lazima kimfae wa Guta. Huku mtoto anatoka mlangoni na kukutana na mambo manne.

La kwanza ni miiba na uchafu wa mwaloni: miiba ya migunga, mifupa ya samaki, ndoana iliyopotea, chupa iliyovunjika. Soli ya sponji laini hutobolewa na mwiba kama mkate. Bonyeza soli kwa kucha: ikididimia na kubaki na alama, iache.

La pili ni minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya unyayo kutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Basi njia ya chooni haina peku, hata kwa anayesindikizwa tu. Kiatu kisikufanye usahau dawa: Juni na Desemba, katika Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto, watoto wa kuanzia mwaka 1 hadi chini ya miaka 5 hupewa dawa ya minyoo.

La tatu ni funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Alivuka bahari kutoka Brazili mwaka 1872 ndani ya meli iliyotia nanga Ambriz, Angola, na karne ile haikuisha kabla hajafika Afrika Mashariki. Anapenda vumbi kavu la ndani ya nyumba na la mabandani, na miguu midogo isiyofunikwa. Kiatu cha kufunika vidole hupunguza sana, na sakafu iliyonyunyiziwa maji na kufagiwa husaidia.

La nne ni kichocho, na hapa nataka tuelewane. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa ziwani na kupenya ngozi yoyote iliyolowa. Kandambili haizuii, wala yeboyebo yenye matundu, kwa sababu maji yanaingia. Usimvalishe mtoto yeboyebo ukamweka ukingoni acheze huku unafua, ukidhani umemkinga. Mkalishe nchi kavu.

Masika yakianza, udongo mweusi wa mbugani hunata na kuvua kiatu chochote kisichofungwa. Kwa msimu huo tafuta cha plastiki kilichofunika mbele, chenye mkanda nyuma ya kisigino, kinachosafishika kwa kopo moja la maji. Kiangazi, raba nyepesi ya kitambaa inatosha. Kandambili mtoto wa mwaka 1 haziwezi: hukunja vidole kuzing'ang'ania, na mwendo unaharibika.

Hatua ya tano: Kikague kama unayenunua mbuzi

Kikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapokunjikia, na si katikati ya unyayo. Kisigino kikibanwa kwa vidole viwili kisilale. Pua iwe pana, vidole vitandazike. Kiatu kilichochongoka ni cha mtu mzima aliyeamua mwenyewe kuteseka. Kiwe chepesi. Mkanda wa kunata ni bora kuliko kamba, ambazo hufunguka na kumkwaza.

Ingiza mkono ndani, tafuta msumari, mshono mgumu, karatasi iliyobanwa mbele. Kwa mtumba, chomoa kitambaa cha ndani ukiangalie: kama kimechimbika kwa vidole vya mwenzake, au soli imelika upande mmoja, mwanao atafundishwa mwendo wa mtu asiyemjua. Rudisha.

Maua, shanga na vifungo vinavyolegea vitaishia mdomoni. Vile viatu vinavyolia kila hatua vina kifilimbi kidogo kwenye soli ambacho kikichomoka kinaweza kumkaba koo, na vinavyowaka taa vina betri isiyofaa kabisa kumezwa. Vinachekesha, lakini mimi sivinunui.

Hatua ya sita: Mvalishe, umtazame

Mtumba ufue kwa sabuni na uanike juani mpaka ukauke kabisa kabla ya mguu kuingia. Mvalishe miguu yote, atembee ndani kwa muda mfupi, kisha mvue. Alama nyekundu ina maana kinabana. Usingoje alalamike, kwa sababu sehemu kubwa ya mifupa ya unyayo wake bado ni gegedu, hivyo mguu hujikunja ukafuata kiatu bila maumivu ya kumliza.

Kila asubuhi kung'uta viatu kabla ya kumvalisha. Nge hapendi kitu kama kiatu cha mtoto kilicholala nje.

Usikitupe kijiti. Kichomeke pale utakapokiona, na baada ya miezi 2 mpime tena, maana mtoto anayeanza kutembea anaweza kuhitaji namba nyingine ndani ya miezi 3.

Na wewe ndugu uliyetandaza turubai sokoni Bunda: weka rula moja ya shule pembeni ya viatu vya watoto. Aliyepima hatarudi kukugombeza.