Wino wa Gazeti Katika Chakula

Tunduma, kama penginepo nchini, andazi la moto hufungwa katika gazeti kuukuu. Wino wa gazeti ni masizi yaliyochanganywa, mara nyingi, na mafuta yatokanayo na petroli ghafi. Haukauki kabisa, huzama tu karatasini. Joto na mafuta ya andazi huuvuta. Baadhi ya viambata vyake hushukiwa kuleta saratani, mlaji azoeapo.

Hata wino wa nje ya pakiti huweza kupenya. Mwaka 2005, nchini Italia, kemikali ya wino ilikutwa katika maziwa ya watoto: karatasi ya pakiti ilipoviringishwa, upande uliopigwa chapa uligusa upande wa ndani.

Basi, andazi liwekwe katika chombo safi chenye kifuniko.